Nani Kasema Hana Akili?

Kuna neno moja ambalo watu wa mji huu tunalitupa ovyo kama maganda ya machungwa. Neno lenyewe ni "hana akili". Mtoto kamwaga uji, hana akili. Dereva kakata kona bila kuwasha taa, hana akili. Mama ntilie kapunguza maharage kwenye sahani, naye hana akili, ingawa hapo mwenye akili ni yeye. Na haya yote yanatokea katika jiji ambalo wenyewe tumelibatiza jina la Bongo, yaani ubongo, kwa maana kwamba ukifika hapa mikono mitupu sharti kichwa kifanye kazi, la sivyo utalala na njaa. Sisi wakazi wa Bongo tunanyang'anyana akili kutwa kucha.

Mimi neno hili nimelisikia nyumbani kwetu likisemwa si kwa hasira za dakika mbili, bali kwa utulivu, kama hakimu asomavyo hukumu. Lilisemwa juu ya kaka yangu mwaka 2008, likasemwa tena juu ya binti yake mwaka 2023. Katikati ya miaka hiyo nilikwenda chuo cha ualimu, na huko nikafundishwa saikolojia: jinsi mtu anavyoona, anavyofikiri, na hicho tunachokiita akili ni kitu gani hasa. Wenzangu wengi walikariri ili wafaulu mtihani, wakasahau. Mimi sikuweza kusahau kwa sababu kila ukurasa nilimwona kaka yangu. Basi nataka nikusimulie, msomaji mwenzangu, maana naamini hata kwenu yupo mtu aliyekwisha kuhukumiwa hivyo. Pengine ni wewe mwenyewe.

Kaka alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka huo wa 2008. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa, lake halikuwamo. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mashauri yote ya nyumba yalikuwa mikononi mwa baba mkubwa. Alimwita kaka sebuleni, akamtazama kwa muda, kisha akamgeukia mama. "Shemeji, huyu tusimpotezee hela. Hana akili ya shule." Mama akaitikia kwa kichwa, kwani hela ya kupoteza yenyewe hakuwa nayo. Mimi nilikuwa darasa la nne, nimekaa nyuma ya pazia na daftari langu.

Kaka akaanza kupiga debe kituoni. Baadaye akawa deiwaka, anamshikia mtu gari akienda kula. Mwisho akapata gari lake la kudumu, Coaster moja kuukuu ya njia ya Gongo la Mboto, yeye ndiye konda.

Mwaka 2014 nilikuwa kidato cha tatu, nami nilipanda gari lile karibu kila siku. Hebu ngoja nikuonyeshe kazi yenyewe. Wakati huo nauli ilikuwa 400 kwa mtu mzima na 200 kwa mwanafunzi. Gari limejaa, waliokaa wamekaa, waliosimama wamesimama, wengine wananing'inia mlangoni. Mama mmoja ananyoosha noti ya buku tano kupitia mabegani mwa watu: "Watatu na mwanafunzi mmoja!" Kaka hajamaliza kugonga bodi mara mbili ili suka aondoe gari, chenji ya 3,600 imeshafika mkononi mwa yule mama. Wakati huohuo anakumbuka kwamba kijana wa siti ya nyuma anadai chenji yake 600, mzee wa kofia anashuka Buguruni, na yule dada aliyeegemea dirisha hajalipa, anajifanya amelala. Usiku, gari likishaoshwa, anajua kichwani mafuta yamekula kiasi gani, hesabu ya tajiri ni kiasi gani, suka apate nini na yeye abaki na nini. Hana daftari wala kalamu.

Nikirudi nyumbani na mazoezi yangu ya hisabati, anayatupia jicho, anacheka. "Hizo za kwenye karatasi mimi siziwezi, mdogo wangu."

Nilipofika chuoni ndipo nilipogundua kuwa kaka yangu ana ndugu zake Brazili. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha habari za watoto watano wa mji wa Recife, wenye umri wa miaka 9 hadi 15. Watoto hao walikuwa wachuuzi wa nazi na vitu vingine vidogo vidogo mitaani na sokoni. Watafiti walikwenda kama wanunuzi: nazi moja bei gani, nikichukua hizi na zile itakuwa ngapi, nikikupa noti hii utanirudishia kiasi gani? Katika kila maswali 100 ya namna hiyo, watoto walipata 98. Baadaye wakaketishwa chini na kupewa hesabu zilezile, safari hii tarakimu tupu. Wakapata 37 katika 100. Zilipofungwa ndani ya kijihadithi cha kununua na kuuza, zikapanda hadi 74 hivi.

Mmoja wao, mtoto wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi 10 wakati nazi moja ilikuwa kruzeiro 35. Wewe na mimi tungeongeza sifuri tu, tukamaliza. Yeye alisema tatu ni 105, tatu nyingine zinafika 210, kisha akaendelea na zile nne zilizobaki, akapita 315, akatua 350. Njia ndefu, jibu sahihi, mteja hakupunjwa. Sisemi kwamba shule haina maana, la hasha. Angefundishwa vizuri ile njia ya sifuri angeokoa pumzi. Ninachosema ni kwamba mtu aliyemwona mtoto huyo darasani peke yake angesema hawezi hesabu, na aliyemwona sokoni peke yake angesema ni kipanga. Mtoto ni yuleyule.

Sasa swali lililonisumbua ni hili. Baba mkubwa naye alipanda gari lile lile. Amerudishiwa chenji yake kamili na kaka mara ngapi? Mbona hakuona?

Jibu la kwanza nililipata katika mada ya namna mtu anavyoona. Usinisadiki hivihivi, chukua karatasi. Chora msalaba mdogo upande wa kushoto, na nukta nene upande wa kulia, ziachane kama sentimita 8. Funga jicho la kushoto, kisha kwa jicho la kulia ukodolee msalaba, usihamishe macho. Ishike karatasi mbali, halafu ivute polepole kuja usoni. Ikifika kama sentimita 30 hivi, nukta itatoweka. Iko palepale, hujaifuta, lakini huioni! Mfaransa Edme Mariotte aliyaeleza haya tangu miaka ya 1660. Nyuma ya kila jicho kuna mahali ambapo neva inatokea kwenda kwenye ubongo, na hapo hapana chembe za kupokea mwanga. Kila mmoja wetu ana shimo katika macho yake.

Lakini si shimo lenyewe lililonishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba hatulioni hilo shimo. Pale nukta ilipopotea hukuona tobo jeusi, uliona karatasi nyeupe tu. Ubongo umetazama kilicho jirani, ukakata kiraka cha rangi ileile, ukashona. Hata kama tangu uzaliwe hujawahi kuambiwa, kiraka hicho unatembea nacho kila siku.

La pili linahusu mistari. Chora mistari miwili ya urefu uleule. Wa kwanza utie vichwa vya mshale ncha zote mbili. Wa pili utie vichwa hivyo vikiwa vimegeuzwa, vimepanuka kwa nje kama panda ya manati. Watu wengi wataapa kuwa huo wa pili ni mrefu zaidi. Mchoro huo ulitolewa na Müller-Lyer, Mjerumani, mwaka 1889, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba binadamu wote wanadanganyika nao sawasawa. Mwaka 1966 Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits wakachapisha kitabu baada ya mchoro huo kuonyeshwa kwa watu wa jamii nyingi za Afrika, Ufilipino na Marekani. Waliodanganyika zaidi walikuwa watu wa Evanston, mji wa wasomi huko Illinois. Wasani wa Kalahari hawakudanganyika sana. Watafiti wale walikisia kuwa jicho lililokulia kwenye nyumba za kona kali, vyumba vya mraba na meza, linajifunza kuisoma mistari kwa namna yake. Ubishi juu ya sababu hiyo haujaisha mpaka leo, lakini matokeo yenyewe yanatosha kumfanya mtu anyamaze kidogo kabla ya kusema "nimeona kwa macho yangu mwenyewe". Macho yako mwenyewe yamelelewa mahali.

Ya baba mkubwa yalilelewa ofisini. Alikuwa karani kwa miaka mingi, mtu safi, mwandiko wake kama umechapwa. Kwake akili ilikuwa na umbo: cheti, kalamu mfuko wa shati, Kiingereza kidogo. Hesabu isiyo na karatasi iliangukia palepale pasipoona, na ubongo ukashona kiraka: "Hawa makonda wamezoea tu."

Haya, tuseme tumeona. Kufikiri je? Kuna kisa kimoja ambacho mwalimu wetu alipokisimulia darasa zima lilicheka, halafu likanyamaza. Katika miaka ya 1960 Michael Cole, John Gay na wenzao walikuwa wakifanya utafiti kwa Wakpelle wa Liberia. Waliwapa watu vitu 20, vyakula, nguo, zana na vyombo, wakawaomba wavipange makundi kwa namna ya vitu vinavyokwenda pamoja. Wasomi wa Ulaya na Marekani walitarajia vyakula huku, zana kule. Wakpelle walipanga kwa kazi: kisu na chungwa, kwa sababu kisu hukata chungwa, jembe na kiazi, kwa sababu jembe huchimba kiazi. Kwa vipimo vya siku zile, hiyo ni fikra ya mtoto. Mara nyingine wenyeji walieleza kuwa hivyo ndivyo mtu mwenye busara anavyopanga. Mwishowe mtafiti, kwa kuchoka, akauliza: je, mjinga angepangaje? Wakavipanga upesi, vyakula huku, zana kule, safi kabisa, kama kitabu kinavyotaka.

Ukilifikiria hilo vizuri utaona kuwa uwezo walikuwa nao wakati wote. Tofauti ilikuwa ni nini wanakihesabu kuwa busara. Na sisi Waswahili tuna maneno tele kwa jambo hili. Mtu anaweza kuwa mjanja na asiwe mwerevu, akawa mwerevu na asiwe na busara, akawa na elimu na asiwe na hekima hata chembe. Hata neno akili tumelichukua kwa Waarabu, na kwao mzizi wake ni uleule wa neno la kamba afungwayo ngamia mguu asipotee. Yaani akili si mbio tu, hata kujizuia ni akili. Huko Uganda Mallory Wober alichapisha mwaka 1974 kwamba wanakijiji wa Buganda walipoulizwa juu ya *obugezi*, akili kwa lugha yao, waliiweka karibu na uangalifu na kwenda taratibu. Nasi mitihani yetu ni saa mbili, kengele ikilia kalamu chini.

Ndivyo nilivyokuwa nikiwaza, mwalimu kijana mwenye vitabu vyake, mpaka Januari 2023.

Matokeo ya upimaji wa darasa la nne yalitoka na binti wa kaka hakufikia kiwango. Alitakiwa arudie darasa. Ana miaka kumi, mpole, ukimwita anaitika "abee shangazi" hata kabla jina halijaisha mdomoni. Baba mkubwa akaitisha kikao cha familia, Jumapili baada ya chakula. Kulikuwa na habari kwamba mtu mmoja Morogoro, rafiki wa rafiki, anatafuta mtoto wa kike wa kumsaidia kazi za nyumbani na kuuza uza dukani. Atamlisha, atamvisha, na kila mwezi atatuma chochote.

Baba mkubwa akasema kwa upole kabisa, maana si mtu mbaya. "Kurudia ni kupoteza muda. Baba yake alikuwa hivyohivyo. Mambo ya damu haya, huyu naye hana akili. Bora ajifunze maisha mapema."

Nikamtazama kaka. Kaka yangu, ambaye nimemwona akimtuliza mlevi wa futi sita kwa maneno tu huku gari linakimbia, aliinamisha kichwa, akawa anachora chora kwenye mkeka kwa kidole. Hakubisha. Hukumu ya 2008 ilikuwa imekaa ndani yake miaka kumi na minne na ushee, na sasa alikuwa tayari kumrithisha mwanawe.

Sentensi ile ya baba, mtoto na damu nilikuwa nimekutana nayo kabla. Subiri kidogo nikueleze, kisha tutarudi kikaoni.

Kipimo cha akili kilianza Ufaransa. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitengeneza maswali mepesi mepesi ya kuwatambua watoto wa shule waliohitaji kusaidiwa zaidi. Kusaidiwa! Hilo ndilo lilikuwa lengo. Mwaka 1909 Binet aliandika kwa ukali akiwapinga waliodai kuwa akili ya mtu ni kiasi kilichokwisha kukatwa, hakiongezeki, na akaeleza mazoezi ya kuikuza. Alifariki mwaka 1911. Kipimo chake kikavuka bahari. Henry Goddard alikipeleka Marekani mwaka 1908, na mwaka 1916 Lewis Terman wa Stanford akakitoa upya kikiwa na ile namba moja ya IQ ambayo watu hutajiana kama kimo. Wote wawili waliamini kuwa akili ni ya kurithi, na kipimo cha kumtafuta mtoto wa kusaidiwa kikawa kipimo cha kumtafuta mtu wa kutengwa.

Huko jimbo la Virginia kulikuwa na msichana aitwaye Carrie Buck. Mama yake, Emma, alikuwa amefungiwa katika taasisi ya watu walioitwa wapungufu wa akili. Carrie alilelewa katika nyumba ya watu wengine, akasoma mpaka darasa la sita bila tatizo, kisha akatolewa shule awe anafanya kazi za nyumbani. Alipata mimba; mwenyewe alieleza kuwa alibakwa na ndugu wa nyumba ile. Mwaka 1924 wakampeleka katika taasisi ileile aliyokuwamo mama yake, naye akiitwa mpungufu wa akili. Binti yake, Vivian, alipokuwa na miezi michache tu alitazamwa, ikasemwa mahakamani kwamba mtoto huyu naye haelekei kuwa sawa. Bibi, mama, mjukuu: damu. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, majaji wanane dhidi ya mmoja, kwamba Carrie afungwe kizazi, na akafungwa. Uamuzi huo ulifungua njia, na maelfu ya watu wakafanyiwa hivyohivyo katika majimbo mbalimbali.

Vivian akaanza shule. Mwaka 1931 jina lake liliwekwa kwenye orodha ya heshima ya wanafunzi wanaofanya vizuri. Mwaka uliofuata akafariki kwa maradhi, akiwa na miaka minane. Mama yake aliishi mpaka mwaka 1983, na waliozungumza naye uzeeni walimkuta ni mtu timamu, msomaji wa magazeti.

Basi nirudi kikaoni. Sikuwasimulia hayo. Huwezi kumwambia baba mkubwa, mbele ya wifi zake na wajukuu, habari za Virginia. Atasema mtoto amesoma kapotea. Nilipiga magoti kidogo, nikasema: "Baba mkubwa, kwa heshima yako, naomba saa moja tu na huyu mtoto, hapahapa mbele yenu."

Akakunja uso. Bibi ndiye aliyeniokoa. "Mpe hiyo saa. Morogoro haihami."

Sikubuni nilichofanya. Mwaka 2002 Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walichapisha utafiti walioufanya hapa kwetu, katika shule za huko Bagamoyo. Waliwapa watoto majaribio ya kufikiri, mojawapo ni mchezo wa maswali 20: nina kitu moyoni, ulizia mpaka ukijue, mimi nitajibu ndiyo au hapana. Wakapima. Kisha wakawafundisha baadhi ya watoto kwa muda usiofika saa moja, si majibu, bali namna ya kuliendea swali. Wakapima tena. Alama zilipanda, na zaidi ya hapo, mpangilio wa awali ukavurugika: aliyekuwa juu mwanzo hakuwa lazima ndiye wa juu mwisho. Alama za mara ya kwanza zilionyesha nani ameshayazoea mambo hayo. Hazikuonyesha vizuri nani anaweza kujifunza.

Tukaanza. Nikawaza kitu. Mtoto akauliza: "Ni kiti?" Hapana. "Ni sufuria?" Hapana. "Ni redio?" Akavimaliza vitu vya chumba kimoja kimoja, maswali 20 yakaisha, baba mkubwa akaguna. Nikamvuta karibu. Nikamwambia, "Shangazi, usipige kitu kimoja. Ligawe pipa zima. Uliza swali ambalo nikisema hapana, nusu ya dunia inaondoka." Tukajaribu kwa vitu vya jikoni, tukajaribu kwa wanyama. Mara ya nne akaanza kutabasamu kabla sijajibu. Dakika arobaini hivi zilikuwa zimepita.

Nikamwomba baba mkubwa awaze yeye kitu. Akasita, kisha akasema, "Haya, ninacho."

"Ni kitu chenye uhai, babu?"

"Hapana."

"Kinaliwa?"

"Hapana."

"Kimo humu ndani?"

"Ndiyo."

"Ni cha mtu mmoja?"

"Ndiyo."

"Mwenyewe ni mwanamume?"

Baba mkubwa akamtazama. "Ndiyo."

"Kinavaliwa?"

"Hapana."

Mtoto akanyamaza, macho yakazunguka chumbani, yakatua kwenye goti la babu yake. "Ni bakora yako."

Bibi akapiga kigelegele. Watu wakacheka, hata baba mkubwa akacheka, akaigongesha ile bakora sakafuni. Kaka alikuwa ameinua kichwa.

Nisikudanganye, msomaji. Mchezo mmoja haupimi mtu, na ningekuwa wa mwisho kusema umepima. Ulichofanya ni kuachanisha maneno mawili ambayo nyumbani kwetu yalikuwa yamegandana: "hajui" na "hawezi". Hajui ni habari ya leo. Hawezi ni utabiri, na anayeutoa anapaswa kuulizwa umetoka wapi.

Baba mkubwa hakusema amekosea, na sikutaka aseme. Alisema, "Arudie. Mwaka mmoja, tuone." Morogoro ikaishia hapo. Mimi nikabeba madaftari na sare, kaka akabeba yaliyobaki. Mtoto akarudia darasa la nne, na mwaka 2024 akaingia la tano. Hajawa wa kwanza darasani. Yuko katikati, siku nyingine chini ya katikati, hisabati anaipenda, Kiingereza kinampiga chenga. Usiku kaka akirudi na vumbi lake la njiani, kabla ya kula, wanacheza maswali 20. Aliniomba mwenyewe nimfundishe. Na mara moja nilimsikia akimweleza binti yake namna ya kurudisha chenji, si kwa kutoa, bali kwa kujazia: anza kwenye nauli, panda mpaka kwenye noti. Hiyo ndiyo njia yake ya miaka yote, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiitamka kama kitu cha kumfundisha mtu.

Nawageukia ninyi mnaoandika, ambao mnatuma hadithi zenu kwenye kurasa kama hizi. Nimesoma nyingi, na mjinga ndani yake namjua kabla hajafungua mdomo. Katoka shamba, au ni hausigeli, au ni konda: anatukana, anapiga mluzi, anasema "twende", basi. Mwenye akili anavaa miwani. Wahusika hao tumewashona wenyewe, ni viraka vya palepale pasipoona. Siwaambii mwandike kwamba kila konda ni kipanga, huo nao utakuwa uongo. Wapo makonda wanaokosea chenji, na si mara zote kwa bahati mbaya! Nawaambia mtazame kwanza.

Kesho ukipanda daladala, kaa karibu na mlango. Usifungue kitabu. Mhesabu abiria anaowadai, anaowadaiwa, na vituo vyao, jaribu kumfuatisha kichwani kwa vituo vitano tu. Ukipotea kituo cha tatu, hapohapo toa kalamu, anza kuandika.